Jino Likikuamsha Kampala: Kliniki ya Mtaani, Hospitali ya Kulipia au Mulago?

Mtu aliyehamia Kampala kutoka Mwanza, Mombasa au Bukavu hujua pa kununua sembe na pa kubadilishia pesa muda mrefu kabla hajajua pa kutibiwa meno. Meno nayo hayapigi hodi. Moja linaanza Ijumaa jioni, na kufikia usiku wa manane umeshapigia simu nusu ya ukoo, kila mmoja na karafuu yake na maji yake ya chumvi. Kukicha unatoka na shavu kiganjani, na njia zilizo mbele yako ni tatu: ile kliniki ndogo ya mtaani yenye kibao cha jino linalocheka, hospitali kubwa ya kulipia, au hospitali ya serikali.

Kwenye vijiwe vya Waswahili wa Kansanga na Kabalagala mjadala huu hauishi, na karibu kila mara hugeuka kuwa mjadala wa bei. Bei ni muhimu, sikatai. Lakini kwa anayeishi ugenini, awe mwanafunzi ambaye muhula unamwishia, fundi wa mkataba au mkimbizi anayesubiri kuhamishwa, naona kuna swali linalotangulia: wiki tatu zijazo utakuwa wapi? Kung'oa jino huisha siku hiyo hiyo. Kutibu mzizi huchukua safari kadhaa, na nyaya za kunyoosha meno ni kazi ya mwaka na zaidi. Ukianza kazi ndefu mahali ambapo hutaweza kurudi, umelipia nusu ya tiba.

Nitazipima njia hizi kwa mambo sita: nani anakushika, vifaa na usafi, pesa, muda, lugha, na kurudi tena. Njia ya nne, ya kumeza dawa za maumivu na kusubiri hadi ufike nyumbani, nimeipa kifungu chake kifupi, maana wengi huichagua bila kujua kwamba wamechagua.

Tunalinganisha nini

Kliniki ya mtaani ni chumba kimoja au viwili, mara nyingi ghorofani juu ya duka la dawa, na kiti kimoja cha meno. Zimejaa Kampala nzima, kuanzia Wandegeya na Bwaise hadi Ntinda na Kabalagala.

Hospitali ya kulipia ina sura mbili. Kuna za dini, ambazo ni kongwe: Mengo ilianzishwa 1897, Lubaga 1899, Nsambya 1903, na Waislamu wana yao Kibuli. Halafu kuna za kibiashara, kama Nakasero. Zote unalipa, ila haziko daraja moja kwa bei.

Ya serikali ni Mulago, hospitali kuu ya rufaa. Wanafunzi wa udaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Makerere hujifunza kazi huko. Chini yake kuna vituo vya afya vya ngazi ya nne, kama kile cha Kisenyi, ambavyo kwa muundo wa serikali vinatakiwa kuwa na mtaalamu wa meno.

Nani anakushika

Uganda ina wataalamu wa aina mbili wanaoruhusiwa kisheria kukutia mkono kinywani. Wa kwanza ni daktari wa meno mwenye shahada, aliyesoma miaka 5 na kusajiliwa na baraza la madaktari, ambalo kila mtu hapa huliita kwa herufi zake, UMDPC. Wa pili ni ofisa wa meno mwenye diploma ya miaka 3, aliyesajiliwa na baraza jingine, la kada saidizi za afya, AHPC. Watanzania watamwelewa haraka huyu wa pili, kwa kuwa kwetu ni yule tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya. Usimdharau. Kung'oa jino la kawaida, kuziba tundu dogo na kukwangua ugaga ni kazi yake ya kila siku.

Kliniki ya mtaani inaweza kuwa na yeyote kati ya hao. Mara nyingi mwenye diploma ndiye anayekuwepo siku zote, na daktari hupita siku maalumu akitoka hospitali kubwa. Kwa hiyo uliza, "Leo yupo nani?" kabla hujalala kwenye kiti. Mjini hakukosekani pia mtu wa tatu, asiye na cheti chochote, aliyejifunza kwa kuangalia. Dawa yake ni ukuta: leseni huwa imebandikwa mapokezi, ina jina na mwaka, na huhuishwa kila mwaka. Ukikuta ya mwaka juzi, au jina lililoandikwa si la aliyevaa glavu, una haki ya kuuliza na una haki ya kuondoka. Mabaraza yote mawili yanapokea maswali ya mwananchi, na si lazima uwe Mganda ili uyaulize.

Hospitali ya kulipia ina faida ya kuwa na bingwa ndani au karibu. Gego la mwisho lililolala upande, mzizi uliovunjikia ndani ya taya, mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: hizo ni kesi za hospitali, si za ghorofani juu ya duka.

Mulago nako unaweza kushikwa na mwanafunzi, na watu wengi husita wakisikia hivyo. Ila mwanafunzi hafanyi kazi peke yake. Anafika hatua fulani, anasimama, mwalimu anakuja kuangalia, ndipo anaendelea. Inachosha, lakini ni macho manne kinywani mwako badala ya mawili. Na kwa ajali ya bodaboda iliyovunja taya, wapasuaji wa kinywa na taya wako hapo.

Vifaa na usafi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kliniki za mtaani zinapotofautiana kama mbingu na ardhi. Kliniki ya mlango wa kushoto inaweza kuwa safi kuliko hospitali, na ya kulia usingependa hata paka wako ang'olewe jino humo.

Ugonjwa wa kuogopa kwanza ni homa ya ini aina ya B. Huenea kwa damu, na kirusi chake kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokwisha kukauka. Kufuta koleo kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Vifaa vinatakiwa vioshwe, vifungwe, kisha viingie kwenye mashine ya mvuke, ile inayofanana na sufuria kubwa ya presha, kwa nyuzi 121 dakika 15 au nyuzi 134 dakika chache.

Utajuaje bila kuwa mtaalamu? Angalia vifaa vinatoka wapi. Kwenye kliniki nzuri daktari anachukua pakiti iliyofungwa, upande mmoja karatasi na upande wa pili plastiki, na anaichana mbele yako. Pembeni ya pakiti kuna alama au utepe uliobadilika rangi kwa joto la mashine. Sindano inatoka kwenye kifuniko chake, kichupa cha ganzi ni kipya, glavu zinavaliwa baada ya wewe kukaa, na hazishiki simu katikati ya kazi. Kwenye kliniki mbaya koleo linatoka kwenye beseni la maji yenye dawa, linapukutwa mara mbili hewani, na safari ya kinywani imeanza. Ukiona beseni, shuka kwenye kiti. Sema umesahau pesa kwenye gari, hakuna atakayekufuatilia.

Jambo la pili ni umeme. Kiti, taa, keekee ya meno na mashine ya mvuke vyote vinautegemea, na Kampala umeme hukatika bila kuaga. Jenereta kibarazani au betri za akiba ni jambo la kuuliza kabla ya kuzibwa jino. Kung'oa kunawezekana kwa tochi. Jino lililotobolewa nusu likangoja umeme ni adha nyingine kabisa.

La tatu ni eksirei. Kliniki nyingi ndogo hazina. Mazungumzo huwa hivi (kwa Kiganda musawo ni daktari, ssebo ni bwana):

"Musawo, hiyo bei ni pamoja na picha?"

"Picha tunakuandikia, ssebo. Unashuka hapo barabarani, wanakupiga, unarudi nayo."

Si kosa, ni mpangilio wa kawaida, ila hesabu nauli ya boda, malipo ya picha na saa nzima ya kwenda na kurudi. Jambo la kukukimbiza ni mtu kuanza kutibu mzizi bila picha yoyote. Gego lina mifereji mitatu au minne iliyojificha, na hakuna jicho la mtu linaloiona.

Hospitali za kulipia kwa kawaida zina picha ndani, hata ile kubwa inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Mulago vifaa vipo na ujuzi upo, lakini hospitali ya serikali inaweza kuishiwa ganzi au glavu, ukaandikiwa ukanunue nje. Nenda na akiba mfukoni.

Pesa

Uganda iliondoa malipo kwenye vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi na huduma za kulipia. Kwa mkimbizi hii si hisani: sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa haki ya huduma za umma, kwa hiyo Mkongo wa Nsambya mwenye kitambulisho chake aende kifua mbele. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyekuja kusoma au kufanya kazi, uliza dirishani kwanza, na uwe tayari kwa gharama za dawa na vifaa.

Kliniki ya mtaani hutaja bei kwa mdomo, na bei hiyo huzungumzika. Hakuna aibu kuuliza kama ganzi, picha na dawa za kwenda nazo nyumbani zimo. Ngazi ya bei ni ile ile kila mahali: kung'oa ndiyo rahisi, kuziba hufuata, kutibu mzizi ni mara kadhaa ya hapo, na kofia ya jino inakaa juu kabisa. Hiyo ndiyo sababu meno mengi yanayoweza kuokolewa hung'olewa. Mtu analinganisha bei ya leo na bei ya leo, anasahau kwamba pengo nalo lina gharama yake, meno ya jirani yakianza kulala na siku moja ukatamani jino bandia.

Hospitali ya kulipia ni ghali zaidi, na kumwona daktari tu kuna malipo yake hata usipoguswa. Lakini unapata risiti yenye maelezo, na hilo lina uzito kwa mwenye bima ya mwajiri. Bima binafsi nyingi huweka kikomo kwa meno na hutaka idhini kabla ya kazi kuanza, na kliniki ya mtaani mara nyingi haimo kwenye orodha yao. Bima ya taifa usiitafute: Bunge la Uganda liliupitisha muswada wake mwaka 2021, haukuwa sheria. Kadi ya SHA ya Kenya au NHIF ya Tanzania iache sandukuni. Malipo ya simu yanakubalika karibu kila kona. Lipa moja kwa moja kutoka kwenye simu badala ya kutoa taslimu kwanza, maana kutoa kuna kodi ya nusu asilimia juu ya ada ya wakala.

Muda

Mtaani unaingia na kutoka, hata jioni baada ya kazi, na nyingi hufungua Jumamosi. Hospitali ya kulipia inataka miadi, ingawa maumivu makali huingizwa katikati. Mulago ni ya kuamkia: fika asubuhi na mapema, beba maji na simu yenye chaji, na usipange jambo jingine siku hiyo.

Lugha

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, ila kwenye kiti cha meno Kampala mambo huenda kwa Kiganda na Kiingereza. Wahudumu wengi wanakisikia Kiswahili kuliko wanavyokizungumza, na baadhi ya wazee bado wanakihusisha na askari wa enzi za Idi Amin. Usianze kwa kufoka. Salimia, msubiri naye akusalimie, salamu za Kiganda ni ndefu na mwenye haraka huonekana hana adabu.

Katika kipimo hiki kliniki ya mtaani hushinda pasipotarajiwa. Mtaa wenye Wakongo au Watanzania wengi hauchelewi kupata kliniki yenye msaidizi anayekisema vizuri, na daktari ana muda wa kusikiliza kwa kuwa foleni yake ni watu watatu. Mulago una dakika chache tu, kwa hiyo nenda na mwenyeji. Popote uendapo, beba karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza: dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, kama una presha, kisukari, pumu au mimba, na kama umewahi kutokwa damu isiyokatika. Ukishatiwa ganzi hata Kiswahili chako mwenyewe hakitoki sawasawa.

Kurudi tena

Jino lililong'olewa linaweza kukusumbua kati ya siku ya pili na ya tano, damu iliyoganda ikitoka shimoni na mfupa kubaki wazi. Maumivu yake ni makali, lakini dawa yake ni rahisi ukimwona aliyeling'oa. Kwa hili kliniki iliyo dakika tano kutoka kwako haina mpinzani. Unapita asubuhi ukienda kazini, anaosha shimo, anaweka dawa, basi. Ana namba yako, nawe una yake.

Kwa kazi ndefu mambo hugeuka. Kliniki ndogo hufungwa, huhama, daktari wa Jumanne hupata kazi kwingine, na faili lako ni daftari la kaunta. Hospitali ina kumbukumbu zinazobaki hata daktari akiondoka. Mulago nako faili lipo, ila mwanafunzi aliyekuanza anaweza kuwa likizo ukirudi.

Na kusubiri nyumbani?

Kwa anayetoka Bukoba hii si ndoto, mpaka wa Mutukula ni safari ya asubuhi. Kwa wa Nairobi ni usiku mmoja kwenye basi. Kwa wa Dar es Salaam ni safari inayoumiza kuliko jino. Kusubiri kunafaa kwa kusafisha, kofia, meno bandia na nyaya, yaani kazi zisizouma leo. Jino lenye usaha halisubiri muhula uishe. Kununua amoksilini duka la dawa kila linapoamka hakuliponyi. Usaha unatulia, chanzo kinabaki, na kila mara unarudi na nguvu mpya. Wala usiweke aspirini kwenye ufizi, inauchoma.

Nani aende wapi

Jino limetoboka, linauma ukinywa chai, halijavimba: kliniki ya mtaani iliyopita mtihani wa pakiti na leseni inakutosha, na mapema ndiyo nafuu.

Daktari amesema mzizi utibiwe na unabaki Kampala miezi miwili au zaidi: hospitali ya misheni, au kliniki ya mtaani yenye daktari mwenye shahada na njia ya kupata picha. Ukiwa unaondoka baada ya siku kumi, muulize kama anaweza kufungua jino, kutoa usaha na kuliziba kwa muda ili umalizie kwenu. Hilo ni ombi la kawaida, hatakushangaa.

Pesa ni ndogo na muda upo: Mulago, au kituo cha afya cha ngazi ya nne kwa kung'oa. Mwanafunzi asiye na kipindi Jumatano asubuhi ana utajiri ambao mwenye ajira hana.

Uso umevimba, una homa, kumeza kunauma au mdomo haufunguki: usipite kliniki ya mtaani hata kwa kuuliza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe ya serikali au ya kulipia. Usaha ukishuka chini ya taya unaweza kuziba pumzi.

Mtoto mchanga ana homa na kuhara, na jirani anasema ni ebiino, vijino vya uongo vya kuchimbwa kwenye ufizi. Wazazi wa Tanzania wameyasikia kama meno ya plastiki. Mshukuru jirani na umpeleke mtoto kwa daktari wa watoto. Kinachochimbwa ni chipukizi la jino la kweli, kwa kifaa kichafu, na watoto hupoteza damu na hata maisha.

Una kisukari, moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda: hospitali, na usiache dawa zako kwa ushauri wa mtu wa mapokezi.

Popote utakapoishia, kabla ya kushuka kwenye kiti piga picha ile eksirei kwa simu yako, na omba karatasi inayotaja jino gani limefanyiwa nini na tarehe. Ukiwa umeng'olewa, uma pamba dakika 30, usisukutue siku hiyo ya kwanza, na kuanzia kesho yake tumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Rolex ya pembeni mwa barabara, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, utaila keshokutwa, kwa upande mwingine wa mdomo.